Mama Yupo Kitandani

Mwanangu wa pekee amesoma mpaka akili zimejaa na kumwagika, na zilizomwagika sijui nani kazizoa. Watu wanamwita Injinia. Hata mkewe anamwita Injinia. Siku moja nilimsikia mezani akisema, "Injinia, nipe chumvi," nikajua ndoa ile ina heshima nyingi kuliko mazungumzo. Mimi namwita mwanangu, maana nilimjua kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Huyu mwanangu ndiye aliyebuni kisanduku. Ni kidogo, cheupe, ukikiona utadhani ni cha kuwekea sabuni, na katikati kina kitundu cheusi kinachokutazama bila kupepesa. Kinabandikwa kwenye dari. Alinieleza kwamba kila kiumbe hai hutoa joto, na joto hilo hutoka mwilini kama mwanga, ila macho yetu hayauoni. Yeye anauita infraredi. Kitundu kile kinauona. Taa iwake au izimwe, kinaona joto la mtu, kinajua amelala au ameketi, na joto likishuka ghafla kutoka juu mpaka sakafuni, kinapiga kelele kwamba mtu ameanguka. Kikishajua, kinatuma ujumbe kwenye simu. Nikamwambia mimi pia nilimwona yeye gizani alipokuwa mchanga, kwa kupapasa tu, na sikumtumia mtu ujumbe. Hakucheka. Watu wenye mambo makubwa hawana nafasi ya kucheka.

Alikokota meza yangu ya kulia mpaka chumbani kwangu, akapanda juu yake na viatu.

"Sasa, mama, nitajua hali yako kila saa," akasema akiwa kule juu. "Hata nikiwa mkutanoni."

"Na viatu juu ya meza ninayolia chakula?"

"Dakika moja tu, mama."

Mpaka siku ile alikuwa anakuja kila Jumapili. Usidhani alikuja na la maana. Alikaa kwenye kiti cha marehemu baba yake, akalalamikia wakubwa wake wa kazini, akala, kisha akasinzia mdomo wazi, nami nikamtazama. Hiyo ndiyo ilikuwa Jumapili yangu na sikuwa naitaka nyingine. Kisanduku kilipobandikwa, Jumapili iliyofuata alipiga simu kusema amebanwa, ila ameona kwamba mimi ni mzima. Baadaye akawa anaandika ujumbe tu. Kisha hata ujumbe ukakatika, kwa sababu kisanduku kilikuwa kinamwambia yeye, "Mama yupo," na yeye anaridhika, anarudi kwenye mambo yake.

Neno hilo nalijua kuliko yeye. Mimi nilikuwa mpokea simu. Nilikaa kwenye swichibodi ya ofisi kubwa mpaka nikastaafu, na kazi yangu yote ilikuwa maneno mawili, yupo na hayupo. Bosi yumo ndani anakunywa chai, miguu juu ya meza, naambiwa niseme hayupo. Nimewarudisha watu wengi kwa sauti tamu. Lakini katika miaka yangu yote sikupata kusikia mtu anauliza, "Yupo?", ukamjibu, "Yupo," naye akashukuru na kukata simu. Anayeuliza kama mtu yupo anataka kuzungumza naye. Ndivyo ilivyokuwa kwa wajinga wote waliowahi kupiga simu pale, isipokuwa mwanangu, aliyesoma.

Baridi ilipoingia, nilitoa blanketi zito la marehemu. Asubuhi moja nikajifunika gubigubi, kichwa na miguu, nikalala mpaka jua likapanda. Kisanduku kikatazama, kikaona kitanda kimepoa. Kikatuma ujumbe: "Mama hayupo."

Kilimtumia mwanangu. Kilimtumia na mdogo wangu, kwa sababu mwanangu alikuwa amewaingiza ndugu wote humo ili waone ubingwa wake. Sasa niambie, mtu anayejua lugha yetu, aletewe habari za dada yake mzee asubuhi na mapema, maneno mawili tu, mama hayupo, atafikiri dada yake ameenda chooni? Mdogo wangu alianza kulia kabla hajapata kiatu. Akawapigia ndugu, nao wakawapigia ndugu zao. Ana ufunguo wa nyumba yangu, akafungua, wakaingia kwa vilio, na mimi kelele zile ndizo zilizoniamsha. Nikajifunua kichwa.

"Nani kafa?" nikauliza.

Mdogo wangu alianguka palepale mlangoni. Ikabidi tumpepee.

Mwanangu alifika mbio, shati amelivaa ndani nje, akanikumbatia akitetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Nilimsikia moyo unavyomdunda. Sitaki kusema uongo, ile ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizozipata tangu baba yake afe. Nyumba ilijaa watu. Tulipika, tukala, tukamcheka mdogo wangu mpaka akanuna. Mwanangu akasinzia kitini mwa baba yake, mdomo wazi, nikamtazama nikashiba. Alipoamka nilimwambia waziwazi, sikuzunguka mbuyu.

"Mwanangu, uwe unakuja Jumapili kama zamani. Nataka uje."

Alikuwa ameshika simu, kidole kinatembea. "Usijali, mama," akasema. "Hili halitatokea tena."

Alidhani nalalamikia kisanduku. Akakokota meza yangu tena, akapanda tena, na viatu tena, akatekenya-tekenya, akashuka akiwa amefurahi. "Nimekishushia kiwango," akasema. "Sasa hata kikiona joto dogo tu pale kitandani, kinajua ni wewe." Akanibusu kwenye paji la uso, akaenda zake. Nilibaki na vyombo vya watu wote wale.

Nina kuku mmoja jike, jina lake Madamu. Amepata jina hilo kwa sababu banda hataki, nyasi hataki, anataka kutaga ndani ya nyumba kama mwenye nyumba. Wakati ule alikuwa ameshatafuta pahali pake, kwenye kitanda changu upande wa ukutani, juu ya nguo nilizokuwa nimezikunja nizigawe. Akajaza mayai, akaanza kuatamia. Mdogo wangu aliniambia ni uchafu. Ni kweli, ni uchafu. Lakini kitanda ni kikubwa na mwenzangu alishaondoka, na Madamu angalau akiguswa anajibu.

Siku moja nilikwenda kushinda kwa jirani yangu, mama mmoja fundi wa kushona, ambaye kila mtu anamwita Fundi. Nilikwenda kwa makusudi, na simu mkononi. Nilisema leo nitapotea mchana kutwa, kisanduku kiseme hayupo, tuone. Tulikaa, tukasengenya wote waliostahili na wachache wasiostahili. Simu haikulia. Jioni nikarudi nyumbani nikampigia mimi.

"Leo nilikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Kitandani, mama. Umepumzika vizuri sana leo. Safi kabisa, mwili unahitaji."

Nikageuka nikatazama kitanda. Madamu naye akanitazama kwa jicho moja, mayai yako chini yake.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha nikalia kidogo. Kisha ikaja hasira, na hiyo ndiyo iliyonifaa. Kumbe ndivyo nilivyokuwa kwa mwanangu: kitu chenye joto kilichotulia pahali pake, kisichosumbua mtu. Kazi ambayo hata kuku anaiweza, tena anaifanya vizuri kuliko mimi, maana yeye haombi mtu aje.

Tangu hapo sikujizuia. Nilikuwa natoka asubuhi narudi jioni. Nilikwenda hata kwa mdogo wangu nikalala huko siku kadhaa, Fundi akawa anamwagia Madamu punje na maji. Hakuna aliyeniuliza. Siku moja tumekaa na mdogo wangu barazani kwake tunapukusa mahindi, simu yake ikalia. Akavaa miwani, akasoma. Akanitazama, akasoma tena.

"Dada, wanasema umelala kwako kitandani, na umetulia."

"Basi ndiyo hivyo," nikamwambia. "Waliosema wamesoma."

"Sasa huyu ninayepukusa naye mahindi ni nani?"

"Asiyekuwepo na lake halipo," nikasema. "Niongezee mahindi."

Siku niliyorudi nyumbani, mwanangu alinipigia simu yeye mwenyewe. Niliposikia sauti yake, nilikaa vizuri kitini, nikajitengeneza na nguo, kana kwamba ananiona.

"Mama, kesho ni siku yangu kubwa. Kuna wanunuzi wanakuja, watu wazito, na watu wa mahospitali. Nitawaonyesha chumba chako hapohapo, kwenye ukuta wa ukumbi. Nakuomba kesho asubuhi usitoke. Ukae kitandani."

"Nifanye nini kitandani asubuhi?"

"Ulale tu, mama. Huna haja ya kufanya kitu."

"Na wewe utapita lini?"

"Haya mambo yakiisha, mama. Ila kesho usitoke, tafadhali."

Nikamwambia sawa. Sauti yangu ilikuwa tamu, ileile ya swichibodi. Kisha nikaenda kwa Fundi, kwa sababu nilijua ndiye aliyeshona nguo za viti vya ukumbi ule, na lazima asubuhi aende kuvivisha. Nikamwambia nitamsaidia kubeba. Fundi si mtu wa kuuliza maswali. Aliniambia tu nivae nguo nzuri.

Ukumbi wenyewe ulikuwa na viti vilivyovaa kuliko watu. Tulipomaliza kuvivisha, Fundi akanikalisha safu ya tatu, naye akakaa pembeni yangu na pini mdomoni. Watu wakaingia wakinukia. Taa zikapunguzwa, mwanangu akapanda jukwaani na suti, na lazima niseme ukweli, alipendeza. Nilijivuna kidogo. Halafu akafungua mdomo.

Alisema wazee wetu ni hazina. Alisema kisanduku chake ni upendo usiolala. Alisema, na alishika kifua alipokuwa akisema, "Mama yangu ni kila kitu kwangu. Haipiti saa bila mimi kujua hali yake." Watu wakapiga makofi. Bwana mmoja mbele yangu alitoa kitambaa akafuta jicho. Nilitamani kumpokonya.

Kisha ukutani kikatokea chumba changu. Hakikuwa chumba kama ninavyokijua, kilikuwa cha buluu chote, na kitanda ni buluu iliyokolea, na juu yake, upande wa ukutani, kuna kidonge cha rangi nyekundu na njano.

"Huyo ndiye mama yangu," mwanangu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa. "Hivi sasa amelala."

Mama mmoja wa safu ya mbele akasikitika. "Maskini, mbona ni mdogo hivyo?"

"Ndiyo," mwanangu akajibu. "Umri. Amepungua sana."

Mimi! Mimi niliyekijaza kile kiti mpaka nguo ya Fundi ikalia kwenye mshono! Fundi alizitoa pini mdomoni haraka asije akazimeza.

Kuku anayeatamia hushuka mara moja kwa siku, akale, anywe, ajinyooshe, kisha arudi. Madamu alizoea kushukia kigoda cha kando ya kitanda, taratibu, ila asubuhi ile nilikuwa nimekisogeza nivalie viatu, na saa yake ilifika. Kile kidonge chekundu kikasimama. Kikajitikisa. Kikasogea mpaka ukingoni mwa kitanda, kikachungulia, kisha kikaruka. Kisanduku kikapiga kelele kwenye vipaza sauti mpaka masikio yakauma, na ukutani yakatokea maandishi makubwa mekundu: MAMA AMEANGUKA.

Ukumbi mzima ukashtuka. Mtu akasema, "Mungu wangu." Fundi akanifinya paja akitetemeka kwa kicheko, lakini mimi sikucheka. Nitasema kweli, kwa kitambo kile nilisahau kwamba ni kuku. Nilijiona ni mimi niliye chini pale sakafuni, nguo imenipanda, siwezi kuinuka, na mwanangu ameambiwa. Nikamkodolea macho. Nilitaka kumwona uso.

Uso wake ulichangamka.

"Mmeona!" akapaza sauti, na mikono akaiinua. "Mmeona wenyewe! Hatukupanga, jamani, hatukupanga! Ameanguka, na papo hapo kimemshika! Hata jirani bado hajasikia!"

Wakapiga makofi. Baadhi walisimama. Ile furaha naijua, ndiyo aliyokuwa nayo siku alipofunga kamba za viatu peke yake akaja kunionyesha. Nikasimama.

"Na nani anakwenda kumwinua?" nikauliza.

Taa zilikuwa zikimmulika yeye, mimi niko gizani. Akatabasamu kuelekea nilipo, kwa adabu ile anayompa mama wa mtu yeyote.

"Swali zuri sana, mama. Ujumbe umeshakwenda kwa ndugu wote, kwa mkupuo."

"Ndugu mmoja si wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Umeupata?"

"Nimeupata, ndiyo."

"Mbona bado umesimama hapo?"

Akaweka kiganja juu ya macho akizuia taa, akachungulia, akashuka hatua moja kwenye ngazi za jukwaa. "Mama?" akasema, na safari hii hakuwa anasema kwa adabu. Alinitazama mimi, kisha akatazama ukutani, kisha akanitazama tena, kama mtu aliyeletewa mashahidi wawili. Ukutani kile kidonge chekundu kilikuwa kinadonoa sakafu.

"Yule si kuku?" sauti ikauliza nyuma. Kicheko kilichofuata sikukisubiri kiishe. Nilichukua mkoba wangu nikatoka.

Alinikuta kwenye korido, jasho linamtoka. "Mama, umeniaibisha mbele za watu," akasema. "Watu wazito wale."

"Nimekuaibisha."

"Umemweka kuku kitandani makusudi?"

"Amejiweka mwenyewe. Mimi nilimwachia tu."

"Kwa nini? Kama ulitaka nije, si ungeniambia?"

"Nilikuambia, mwanangu. Nilikuambia kwa mdomo wangu. Ukapanda mezani ukashusha kiwango."

Kidevu kikaanza kumcheza. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengine mengi, makali, nimeyanoa siku zote zile, na yote yakanikatalia mdomoni. Kwa ndani ukumbini walikuwa bado wanacheka.

"Jumapili nitakuja, mama," akasema. "Nitakuja kweli."

Jumapili alikuja. Nilikuwa nimeamka mapema, nimepika, nimepangusa kiti cha baba yake. Nikafungua mlango nikamkuta amebeba ngazi begani. Mkono mwingine ameshika kisanduku kipya, kikubwa kidogo kuliko kile cha kwanza.

"Hiki kinatofautisha mtu na kuku, mama," akasema kabla hata ya kunisalimu. Macho yalikuwa yanang'aa. "Wale watu wamesema nikikirekebisha watanisikiliza tena. Sijalala."

Nilikaribia kuufunga mlango. Nasema kweli, mkono ulikuwa umeshaanza. Nilimtazama, suruali imemlegea, usingizi umemjaa machoni, mtu mzima mwenye mke na suti, na akili zote zile hazijatosha kumwambia awaamkie wakubwa zake.

"Chai ipo," nikamwambia.

"Nikimaliza, mama. Ni kazi ndogo tu, nikimaliza nakimbia."

Akasimamisha ngazi chumbani, pembeni ya Madamu, akapanda. Ngazi yenyewe ilikuwa mbovu, inayumba. Nikaenda nikaishika kwa mikono miwili, maana asingeishika mwingine. Kule juu akaanza kulegeza skrubu za kile cha zamani, na alivyokuwa akilegeza akaanza kunung'unika, kwanza kuhusu skrubu, kisha kuhusu wale wanunuzi, kisha kuhusu bosi wake mpya ambaye hajui lolote na anajifanya anajua. Akaendelea kulalamika kama zamani, nami nikawa namwitikia kutoka chini. Bisibisi ikamponyoka. Ilianguka miguuni pangu, nikainama nikaiokota.

"Mama, umeiona bisibisi?"

Niliitia mfukoni mwa gauni.

"Siioni, mwanangu," nikasema. "Shuka tuitafute."